Mama Edinah Hakalii Kiti cha Mkwe

Kama umewahi kununua njugu sokoni Bumula, mama yangu unamjua. Ni yule anayepima kopo likajaa mpaka likamwagika, halafu ukianza kumshukuru anakuuliza kama una kazi nyingine ya kufanya. Jina lake Edinah. Maneno matamu hana, na wanaoyataka anawaelekeza kwa muuza mandazi.

Baba alifariki nikiwa darasa la sita. Paa la nyumba yetu lilikuwa limeoza, na ndugu za baba wakaja kuulizana nani atapanda kulibadilisha. Mama aliwapikia chai, wakanywa, wakaulizana tena, wakaenda zao. Kesho yake aliazima ngazi kanisani akapanda mwenyewe, mimi nikiwa chini nikimrushia misumari. Mpaka leo nyumba ile haivuji, na ukienda kututembelea hutamaliza soda yako kabla hajakuonyesha paa.

Basi mwanamke huyo, ambaye nimemwona akimfukuza fahali wa jirani kwa mwiko, alikuwa akimkimbia mume wangu.

Si kwamba Mukhisa ni mtu mbaya. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawashikani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na mama haingii chini ya paa la mume wa binti yake. Ni heshima. Mambo hayo yanaisha siku mkwe anapompa mama blanketi mbele ya wazee, naye akalipokea kwa mikono miwili na kujifunika. Tangu hapo wanakuwa mama na mtoto. Kuna koo nyingine nasikia wanataka kondoo, lakini ukoo wetu ni blanketi.

Mukhisa alilinunua mwaka ule ule aliponioa. Zito, la kahawia, lina picha ya tausi aliyetandaza mkia. Nilimweleza mama yule tausi kwa simu mpaka akaniambia nimpumzishe. Tarehe ya kwanza ya kulipeleka Bumula, mjomba aliyekuwa awe shahidi akafariki. Tarehe ya pili, korona ikafunga barabara. Baada ya hapo kila mwaka ni Desemba, na kila Desemba kuna jambo. Tausi wetu akakaa juu ya kabati miaka sita ndani ya mfuko wake wa nailoni.

Kwa hivyo mama alikuwa akinitembelea hapa Tuwan kwa kunyemelea. Alifika Mukhisa akiwa ameshaenda kazini, kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Bwana Ranjit hapa Kitale mjini, na saa tisa alikuwa njiani kurudi. Nyumbani mwangu hakuingia. Alikaa jikoni, kibanda changu cha mabati uani, tena si kwenye kiti chetu. Alibeba kigoda chake mwenyewe ndani ya kikapu, cha miguu mitatu, baba ndiye aliyekichonga. Nilimwambia siku moja kwamba viti tunavyo. Akasema anajua, na kwamba vina mwenyewe.

Sasa niwaambie ya Jumanne ile ya mwezi wa nne.

Mama alifika asubuhi na kunde, ndizi, na kuku aliyefungwa miguu. Jua lilikuwa kali, nguo zangu kwenye kamba zimekauka mpaka zimekakamaa. Saa saba hivi, binti yangu Phelista akiwa anamlisha kuku ugali kwa nguvu, tukasikia jirani yetu Jelimo akiita kutoka barabarani.

"Mama Phelista, kuja uone. Hii maji imetoka wapi na haijanyesha?"

Tukatoka. Barabara yetu haikuwepo. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yakishuka kwa kasi, yamebeba ndala, mitungi mitupu na kabeji za mtu wa kibandani, na juu mbinguni jua linawaka vile vile. Mvua ilikuwa imenyesha mbali huko upande wa mlimani, na mtaro wetu mkubwa ulikuwa umezibwa na takataka tangu Krismasi, basi maji yakaamua kupita kwetu. Watu wote walikuwa nje. Vijana walikuwa wamekunja suruali wakikimbiza kabeji, Jelimo mwenyewe alikuwa ameshapata tatu.

Nitasema ukweli: nilifurahi. Najua si vizuri. Lakini mimi ni fundi wa kushona, siku zangu zote ni cherehani na sare za shule, na siku hiyo moyo ulikuwa unanidunda kama wa mtoto. Hata redio kwa Jelimo ilipotangaza kwamba jioni hiyo kungekuwa na dhoruba, upepo na mvua kubwa, wenye nyumba waimarishe mapaa, nilishtuka na kufurahi kwa pamoja.

Mama hakufurahi. Alitazama jua, akatazama maji, akaingia jikoni kuchukua kikapu chake.

"Mimi naenda."

"Mama, unaenda na wapi?"

"Na balabala."

"Barabara gani? Si unaiona?"

Hakunijibu. Nilimfuata mpaka kwenye makutano, nimembeba Phelista mgongoni. Pale maji yalifika kiunoni, na kijana mmoja akatuambia kidaraja cha kwenda stendi kimefunikwa, hakuna anayevuka. Mama alichukua fimbo akapima. Alipima mara tatu, sehemu tatu, kana kwamba maji yangemwogopa. Mara ya tatu yakamnyang'anya ile fimbo.

"Leo utalala huku," nikamwambia.

"Chini ya paa ya nani?"

Hapo ndipo furaha yangu ikaingia doa. Nilikuwa nimefikiria kwa Jelimo, lakini tuliporudi nyumba yake iliyo chini yetu ilikuwa imeingia maji mpaka kitandani, na yeye na watoto walikuwa wameshapanda kanisani. Njia ya kanisani nayo, tulipokuwa kule makutano tukibishana na fimbo, ilikuwa imekatwa. Zilibaki nyumba yangu, ambayo ni ya Mukhisa, na jikoni.

"Nitakaa jikoni," mama akasema. "Jikoni ni kwako. Huko ndani ni kwake."

"Mama, hilo jiko nililijenga na mabati ya masalio. Upepo ukija..."

"Basi tulifunge kabla haujaja. Uko na waya?"

Huyo ndiye mama yangu. Ukimpa kazi ya mikono anasahau huzuni, na akianza hakuna anayekaa. Alijifunga leso kiunoni, akachukua jembe, na kufikia saa tisa alikuwa amechimba mfereji kuzunguka ua wote, akinituma huku na huku kama niko darasa la sita. Phelista alikuwa akiimba. Hata kuku alikuwa akipiga kelele.

Ndipo Mukhisa akatokea langoni, amelowa mpaka kifuani, magunia matupu kumi yako begani. Bwana Ranjit alikuwa amefunga duka mchana na kumpa kila mfanyakazi magunia akakinge kwake. Mukhisa alikuwa anacheka, anataka kunisimulia alivyovuka. Akamwona mama.

Alivyogeuka utadhani ameona chui. Akampa mama mgongo, na mama naye akavuta leso kichwani na kuutazama ukuta. Mume wangu akaingia uani kwake kinyumenyume, akijigonga kwenye pipa la maji, magunia yote kumi yakamwangukia miguuni.

"Mwambie mama nimemsalimia," akasema, akiliambia lango.

"Mwambie baba Phelista nimeitikia," mama akauambia ukuta.

Kati yao palikuwa na hatua sita tu. Nikamwambia huyu, nikamwambia yule. Nikamweleza Mukhisa kwamba mama amekosa njia, na nikaona amefadhaika kuliko mimi.

"Sasa atalala wapi na dhoruba inakuja?"

"Jikoni."

Akaanza kushindilia udongo kwenye magunia. Alifunga jikoni kwanza. Aliweka magunia mlangoni pa jikoni kabla ya mlango wa nyumba yake, na mama aliona, ingawa alikuwa haangalii.

Baada ya hapo tukafanya kazi ambayo sijawahi kuifurahia namna ile. Upande wa mlima Elgon mawingu yalikuwa yameanza kujipanga, meusi, na upepo wa baridi ulikuwa ukija na kuacha, ukija na kuacha. Ndani mimi nilipandisha kila kitu juu: viti juu ya meza, unga juu ya kabati, kuku ndani ya beseni juu ya unga. Nguo zote na matandiko nikarundika kitandani. Cherehani yangu nilitaka kuifunika na sikupata cha kuifunika, basi nikalivua lile blanketi la tausi mfuko wake wa nailoni, nikauchana, nikaifunga nao cherehani. Blanketi nikalitupa juu ya rundo. Sikufikiria mara mbili.

Nje Mukhisa alikuwa juu ya paa la nyumba, na mama, aliyekuwa chini ameegemea jiko na leso imefunika nusu ya uso, alishindwa kuvumilia.

"Lenah, mwambie baba Phelista apige msumari kwenye mgongo wa bati. Akipiga kwenye bonde maji itaingia."

"Mwambie mama najua," sauti ikatoka juu.

"Mwambie kama anajua ni kwa nini huo wa nne ameupiga kwenye bonde."

Tukasikia msumari wa nne ukichomolewa na kupigwa upya.

"Mwambie mama misumari imeisha."

Mama akaokota ile iliyopinda ambayo ilikuwa imetupwa chini, akaketi kwenye kigoda chake, akainyoosha mmoja mmoja juu ya jiwe kwa mgongo wa shoka. Alipomaliza aliiweka kwenye kopo la majani ya chai, nikalifunga kamba, na Mukhisa akalivuta juu. Kopo likapanda na kushuka, likapanda na kushuka. Ikafika mahali hata mimi sikuhitajika tena. Mukhisa akishusha kopo tupu, mama anajua ni misumari, akilishusha na waya ndani, mama anajua anataka ukatwe. Kuna wakati nilisikia wanacheka wote wawili, huyu juu, yule chini, kila mmoja peke yake. Niliona wivu kidogo, kusema kweli. Mimi nimeolewa na mtu huyo na hajawahi kunisikiliza hivyo.

Nikamwuliza mama, "Si unaona ni mtu mzuri?"

"Nilijua ni mzuri," akasema. "Ndio maana simwangalii."

Saa kumi na moja ikaja. Kwanza mabati ya majirani yakaanza kulia, halafu giza likashuka kabla ya wakati wake, halafu mvua yenyewe, ya mawe, ukidhani mtu anamwaga kokoto juu yetu. Mama alikuwa ameingia jikoni na kigoda chake. Sisi watatu tulikuwa ndani na taa ya sola, Phelista ameziba masikio, na Mukhisa kila dakika anachungulia dirishani halafu anageuza uso.

Paa la nyumba halikutikisika. Ile misumari ilishika. Lakini jiko langu lilijengwa kwa masalio, kama nilivyosema, na upepo ulipata pa kuingilia chini ya bati la kwanza. Nilisikia likilia mara moja, kisha likaondoka, likavuka ua wa Jelimo likienda zake. La pili likalifuata. Nikafungua mlango, nikamwona mama amesimama ndani ya jiko lisilo na paa, maji yameshavuka magunia na kumpita magoti, na kigoda cha baba kinaelea kikizungukazunguka kuelekea langoni. Alinyoosha mkono kukishika, akakikosa, kikaenda.

Alikuja mpaka mlangoni kwangu. Akasimama nje ya magunia, mawe yakimpiga mabegani, hatua moja kutoka kwenye sakafu kavu, iliyo juu kuliko ua.

"Mama, ingia."

"Siingii."

"Mama, utakufa hapo."

"Mimi si sukari."

Nilimwambia maneno ambayo binti hafai kumwambia mama yake. Nililia. Nilimvuta mkono na ilikuwa kama kuvuta mti. Midomo yake ilikuwa inatetemeka kwa baridi, na bado ananikatalia kwa heshima, macho chini, asije akaona ndani.

Mukhisa alikuwa katikati ya chumba, ametupa mgongo.

"Mwambie mama aingie, mimi nitoke."

"Mwambie akitoka paa inabaki yake," mama akasema, meno yakigongana.

"Basi mwambie angoje nimpatie kitu ya kujifunika, bana, ataganda."

Akaenda chumbani, akashika cha kwanza kilichokuwa juu ya rundo. Akarudi mlangoni kinyumenyume, taratibu, mkono mmoja ameunyoosha nyuma, akitaka mimi nikipokee nikipitishe nje. Hapo ndipo kuku akaangusha beseni kutoka juu ya kabati, unga ukamwagika, Phelista akapiga ukunga, nikageuka kumshika mtoto.

Mkono wa Mukhisa ukabaki umenyooshwa kwenye mvua. Upepo ulilifungua lile blanketi na kutaka kulichukua, na mama yangu, ambaye hajawahi kuacha kitu kizuri kipotee, akalidaka kwa mikono miwili.

"Umeshika?" Mukhisa akauliza, akidhani ni mimi.

"Nimeshika," mama akasema.

Mukhisa aliganda mlangoni, mkono bado uko nyuma. Mimi niligeuka, Phelista yuko kifuani mwangu, nikamwona tausi. Mkia wake wote ulikuwa umetandazwa mikononi mwa mama, chini ya mwanga wa taa, ukilowa. Nilitaka kusema ni makosa, ni mimi niliyeuchana mfuko, wazee hawapo, Desemba bado.

Mama alimtazama yule ndege muda mrefu. Alimjua, nilishamweleza sana. Angeweza kulirudisha, na najua kama angelirudisha angesimama pale nje mpaka asubuhi, na mimi nisingemsamehe mtu yeyote maishani.

"Lenah, mwambie..." akaanza. Kisha akaacha.

Akalizungusha lile blanketi mabegani, akalikaza shingoni.

"Mukhisa," akasema. "Geuka."

Mume wangu ana miaka thelathini na minne, amebeba saruji tangu akiwa kijana, na aligeuka taratibu kama anayeitwa mbele ya darasa. Wakatazamana. Miaka sita, na walikuwa hawajawahi kuonana uso kwa uso. Mukhisa akatabasamu bila kupenda, kwa woga.

"Kumbe uko na mwanya," mama akasema. Kisha akanigeukia mimi, kwa hasira kabisa. "Na wewe unaniambia mambo ya ndege tu."

Akavuka magunia, akaingia.

"Na wazee, mama?" Mukhisa akauliza. Alikuwa analia, wala hakujificha. "Nitawaambia nini wazee?"

"Wazee nitawaambia mimi. Nitawaambia ulinipatia kwa mlango wako, Tuwan, na shahidi alikuwa kuku."

Halafu akasimama katikati ya chumba, maji yakimtiririka, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwona mama yangu hajui la kufanya. Mkono wake ulikuwa unapapasa nyuma yake, ukitafuta kigoda. Kigoda cha baba kilikuwa kimeenda na maji ya Tuwan, na hakikurudi tena.

Mukhisa aliuona ule mkono. Akakishusha kiti chake kutoka juu ya meza, kile cha mito ambacho hata mimi sikikalii, akakifuta kwa shati alilovaa, akakiweka nyuma yake.

"Kaa, mama."

Mama alikaa. Alikaa pole pole, kwanza pembeni, halafu akaegemea. Nililia tena, mara hii kwa furaha, na Phelista akampandia mapajani chini ya tausi. Mama alisikiliza mvua juu ya mabati, kisha akainua macho kwenye paa.

"Ule msumari wa nne," akamwambia Mukhisa mwenyewe. "Unasikia unavyolia?"

Mukhisa akasema ataupiga kesho, na mama akamwambia achukue nyundo aupige sasa.